Jicho Linaangalia Wapi

Siku Madame alipohamia chumba cha nyuma kwenye parsele yetu, kiwanja chetu cha nyumba, vyombo vyake vya nyumbani vilijaa mkokoteni mmoja, na maua yake yalijaa mitatu. Mama yangu alisimama kwenye barza, mikono kiunoni, akatazama makopo ya maziwa, ndoo, sufuria zilizotoboka, na nusu-pipa lenye mti mzito wa majani mapana, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Huyu mama anaingia yeye, ao anatuingizia pori?" Chumba chenyewe kilikuwa kimoja tu, na dirisha lake moja linatazama barabara ya Kambove.

Tulimwita Madame kwa sababu alikuwa mwalimu. Kwetu Likasi mwalimu wa kike wa shule ya msingi ni Madame mpaka kaburini, hata akistaafu, hata ukimkuta sokoni anabishania bei ya majani ya sombe. Alinifundisha mimi darasa la tatu, akafundisha na wadogo zangu, na nusu ya avenue yetu inaujua uzito wa rula yake. Jina lake nalijua, lakini nikilitamka naona kama ninamsema mtu mwingine.

Kabla hajafungua hata godoro, aliketi kizingitini, akatoa mkasi wa kushonea, akaanza kazi. Nyumba ya kampuni aliyoishi na mumewe ilikuwa na bustani pande zote. Mume alipofariki nyumba ikarudi kwa wenyewe, na bustani ikabidi iingie chumbani. "Chumba haitaongezeka," aliniambia, majani yakimwangukia mapajani. "Basi minye nitapunguza maua." Hakusema kukata. Neno hilo alikuwa nalo mbali. Kwake ilikuwa kupunguza, vile mtu anavyopunguza chumvi, ao maneno.

Mimi kazi yangu ni nywele. Nasuka, nakata, nanyoa, palepale kwenye barza ya mama yangu, kwa hiyo mambo ya mkasi nilidhani nayajua. Siku moja nikamwona anahangaika na ua moja la majani mekundu na kijani lililokuwa limefura mpaka limeziba nusu ya dirisha, nikamwambia, Madame, lete nikusaidie, nikaanza kulizungusha kama kichwa cha mteja. Alinipiga kofi la mkono, mimi mtu mzima mwenye mteja anayeningoja!

"Weye unanyoa," alisema. "Muti haina kichwa ya kunyoa. Muti iko na macho."

Akanivuta karibu, akanionyesha. Jicho ni kile kivimbe kidogo kwenye shina, pale jani linapotokea. Unakata juu yake kidogo tu, mkasi ukiwa umelala mshazari, maji yasikae kwenye kidonda. Lakini kwanza, kabla ya mkasi kugusa chochote, unauliza: hili jicho linaangalia wapi? Maana tawi jipya litakwenda kulekule jicho linakoangalia. Likiangalia kitanda, utalala na majani usoni. Likiangalia ukuta, tawi litajikwaruza na kuteseka bure. Mwenye chumba kidogo anatafuta jicho linaloangalia dirisha, anakata hapo, basi. Vichwa vichanga hata mkasi havihitaji, unavibana kwa kucha, na ua linaacha kukimbilia juu, linajaza chini. Na usiwe na tamaa. Ukiondoa mengi kwa siku moja, ua linashtuka na kununa.

Halafu kulikuwa na kugeuza. Kila asubuhi, kabla ya chai, Madame alipita kwenye makopo yake yote akiyazungusha kidogo, kwa sababu dirisha ni moja na mwanga unatoka upande mmoja. Kutoka kwenye barza nilikuwa nasikia bati likikwaruza kwenye saruji, krr, krr, nikajua kumekucha. "Yenye haigeuzwe inapinda," alikuwa akisema, na macho yake yakikutazama ulijua kwamba hazungumzii maua peke yake.

Darasani alikuwa hivyohivyo. Mimi nilikuwa msemaji, sikatai, mpaka leo wateja wangu wananilipa kusuka na kusikiliza. Madame hakunichapa kwa sababu ya mdomo. Alinihamisha, akaniweka karibu na binti mmoja aliyekuwa hasemi kabisa, akaniambia, "Sema naye huyu, mpaka ajibu." Mwisho wa mwaka yule binti alikuwa anajibu, na mimi nilikuwa nimejifunza kungoja jibu. Dada zangu wanasema nilipunguzwa kidogo mno.

Msifikiri alikuwa malaika. Alikuwa na ubahili wa vitu vya ajabu. Maji ya kuoshea samaki wa Tshangalele hakuruhusu yamwagwe. Alipita kwetu na ndoo kuyaomba, akamwagilia maua yake, na siku mbili zinazofuata parsele nzima ilinuka ziwa. Mama yangu alikuwa akifunga madirisha kwa kishindo ili asikike. Alituambia tusiseme ovyo, lakini yeye na maua yake walikuwa na mazungumzo marefu, na si ya upole. "Weye nilikuambia nini? Angalia sasa vile uko!" Mama mmoja wa chumba cha maombi cha avenue yetu alikuja kumwonya kwamba kusema na miti ni kukaribisha roho chafu. Madame alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha kiti, kisha akamuuliza, "Mama, weye mbuzi yako hausemangi naye?" Yule mama alikuwa na mbuzi, tena anamtukana kutwa. Aliondoka na tawi la ua la jerani mkononi.

Hayo matawi ndiyo yalikuwa sheria yake kubwa. Alichopunguza hakukitupa. Alikitia kwenye kilauri cha maji dirishani mpaka kitoe mizizi, akamgawia mtu. Na ukipewa, ole wako useme aksanti! "Ukisema aksanti, haitashika," yaani mizizi haitashika udongo. Kwa hiyo watu wa avenue yetu, watu wa heshima waliolelewa kushukuru hata kwa maji ya kunywa, utawaona wamesimama mbele ya mlango wake, ua mkononi, midomo imebanwa, wanahangaika. Wengine walipiga magoti wakaondoka kimya. Mimi nilikuwa nakohoa. Leo ukipita avenue yetu, barza kwa barza, kila kopo unaloliona ni mjukuu wa chumba kile.

Sasa nifike kwenye ule mti wa nusu-pipa, maana hakuna wa kumweleza Madame akauruka.

Ulikuwa mti wa mpira, ule wa kukaa nyumbani, majani manene yanayong'aa kama viatu vya Jumapili. Mumewe aliuleta ukiwa na majani matatu. Madame alipohamia kwetu, mti ulikaa nje karibu na mlango, kwa sababu ile kona ya ndani, nyuma ya pazia, ilikuwa na mwenyewe. Ndipo palipokuwa godoro la Trésor, mwanawe wa pekee, aliyekuwa akisoma umeme kwenye institut. Madame alikuwa na hakika atakuwa fundi wa kiwandani kama baba yake.

Trésor aliacha shule mwaka wa mwisho, akaenda Kambove kuchimba madini na vijana wenzake. Siku alipokuja kusema, tulisikia wote, kuta zetu si nene.

"Nilikufundisha kusoma juu ushike beche?" Beche ni koleo la kuchimbia, na "juu" kwetu ni kwa ajili ya.

"Mama, wale wenye kusoma wako wapi? Wanakaa barza wanangoja."

"Basi enda. Lakini hapa haulale na matope ya mashimo."

Akaenda, na mfuko wake begani. Kabla hata mchana haujaisha, Madame alimwita kaka yangu, wakalikokota lile nusu-pipa ndani, wakaliweka palepale penye godoro. Alituambia jua la nje linauunguza mti. Hakuna aliyemwamini.

Tangu siku hiyo, mwanamke aliyepunguza kila kitu hakuugusa ule mti. Ulinenepa, ukafika kwenye mabati, ukageukia pembeni, ukameza pazia. Alilala amejikunja kwenye kitanda chake kama mgeni. Nilimwambia, "Madame, huu nao je?" Akasema, "Huu bado." Parsele nzima tulielewa maana yake. Mti ukiwa pale, Trésor hana pa kulala kwa mama yake.

Nilimhurumia, na nilimkasirikia vilevile. Siku moja nikiwa namsuka, maana kichwa chake kilikuwa changu bila malipo, nikamwambia wazi kwamba mtoto si ua. Akasema: "Jicho ya ule mutoto inaangalia Kambove tangu iko mudogo. Nilipunguza, nilipunguza. Inatoka kulekule." Sauti yake haikuwa ya hasira. Nikaendelea kusuka.

Halafu Trésor akaja na gunia.

Alikuja mchana kweupe, amenawa, amevaa shati safi, gunia kichwani. Lilikuwa na udongo, mweusi mzuri, wenye michirizi ya kijani. Alilitua mbele ya mlango kwa mikono miwili, vile mtu anavyotua zawadi ya harusi. "Mama, nilikuletea udongo, juu ya maua yako. Ni udongo ya muzuri kabisa, tulitoa chini, mbali."

Mtu yeyote wa kwetu angeweza kulia ao kucheka. Udongo ule ulikuwa na mukuba, shaba yenyewe, ndiyo ile michirizi. Kwa mchimbaji hakuna udongo mzuri kuupita. Kwa ua la nyumbani ni sumu. Maskini Trésor, alimletea mama yake kitu bora kuliko vyote alivyokuwa navyo, na hakuwa anajua.

Madame alichukua kiganja kimoja, akakipeleka kwenye mwanga. "Hii iko na mukuba," alisema. "Unataka kuua maua yangu?"

Yote yaliyokuwa usoni kwa Trésor yalizimika. Alitazama ndani, akauona mti umejaa kona yake. Akaniambia mimi, si mama yake, "Béa, bakia muzuri," akatoka. Nilitaka kumpiga Madame kwa kitana, Mungu anisamehe. Lakini niliona kwamba kile kiganja cha udongo hakukimwaga. Alikirudisha guniani polepole, akajipangusa mikono kwenye kitambaa chake.

Gunia lilikaa ukutani, chini ya ukingo wa bati, masika nzima. Mama yangu alitaka litupwe, linazuia njia. "Ile ni ya mwenyewe," Madame alijibu, na akaendelea kulizunguka kila aendapo kisimani.

Ndipo ikaja ile asubuhi. Habari ilifika kwa vijana wa pikipiki: upande wa Kambove shimo limeporomoka, watu wako chini. Hakuna aliyejua majina. Simu ya Trésor ilikuwa haipatikani. Wanawake walianza kuingia parsele yetu, wengine wamekwisha kujifunga vitambaa vya kiunoni, na mama yangu akatandika mkeka wa msiba. Tulimtafuta Madame kwenye mkeka, hayupo.

Nilimkuta chumbani. Alikuwa ameazima msumeno wa kaka yangu, anaukata ule mti. Sikumsikia akisema kupunguza. Alikuwa anakata, jasho likimtiririka, na mti wa mpira ukikatwa unatoa maziwa. Yalikuwa yanamwagika meupe kwenye shina, kwenye mikono yake, kwenye saruji, na majani makubwa yanaanguka juu ya kitanda.

"Madame," nikamwambia, "habari bado haijafika. Ngoja kwanza."

"Njo maana," alisema bila kusimama. "Habari ikifika, nitakata juu ya nani?"

Nilielewa, alikuwa anamkatia Trésor nafasi angali na tumaini kwamba yu hai, nikalia papo hapo, sikuona haya. Akaniambia niache kulia nilete majivu. Nikakimbia kwenye mbabula, jiko la makaa la mama yangu, nikaleta majivu kwenye kifuniko, akaupaka ule mti kidonda mpaka maziwa yakakauka. Aliacha kisiki kifupi tu, na hata katika hali ile, naapa, alikuwa amekata juu ya jicho linaloangalia dirisha. Tukalisukuma nusu-pipa pembeni, tukafagia. Akatoa godoro lililokuwa limekunjwa chini ya kitanda chake miaka yote hiyo, akalitandika, akaketi kando yake sakafuni. Wanawake walikuja kumchukua aende mkekani. Akakataa.

Trésor alifika siku iliyofuata, mchana, juu ya pikipiki, na samaki. Ndiyo, samaki! Hakuwepo hata Kambove. Alikuwa ameshuka Tshangalele na rafiki yake kutafuta samaki wa kuuza, simu imeishiwa moto wa betri, anakuta mkeka umetandikwa na wanawake wanaomboleza. "Nani alikufa?" aliuliza, kapu mkononi. Mama yangu alimrushia kiatu, kisha akamkumbatia.

Aliingia ndani. Akatazama kisiki, majivu, kona yake, godoro. Akafungua mdomo: "Mama, ak..."

Madame alimziba mdomo kwa kiganja, kiganja bado kina madoa ya maziwa ya mti. "Nyamaza," alimwambia. "Haitashika."

Ni Trésor aliyeona lile gunia, alipokuwa anatoka kunawa. Lilikuwa limepasuka ubavuni kwa mvua, na kwenye tundu vilikuwa vimechomoza vishina vyembamba vyenye vichwa vya zambarau. Sisi tulidhani ni magugu. Yeye akachuchumaa, akacheka peke yake. "Mama, kuya uone. Hii ni maua ya mukuba. Sisi tukiiona mahali, njo tunachimba." Ni ua lisilotaka udongo mwingine wowote, lilimjia na mbegu zake humohumo. Madame akaleta kopo. Akajaza udongo wa Trésor, akapanda.

Mimi niliolewa, nikahamia Lubumbashi, na miaka imepita. Mwaka huu nilirudi kumwona mama, na kabla ya kuketi nikazunguka nyuma. Madame alikuwa kizingitini, mkasi mkononi, uso ameuinua juu. Macho yameingia ukungu. Daktari amemwambia ni mtoto wa jicho.

"Ni Béa," alisema kabla sijapiga hodi. "Unatembea kama muntu anafukuza kuku."

Alikuwa anapunguza lile ua la majani mekundu, ao mjukuu wake, kwa kidole gumba. Gumba lilipanda shina polepole, likagusa kivimbe, likakizunguka kujua kimeelekea wapi, kisha mkasi ukafuata. Nikamtazama. Mti wa mpira ulikuwa umetoa matawi mawili kutoka kwenye kisiki, yote yanaelekea dirishani, hakuna hata jani moja juu ya godoro. Godoro limetandikwa vizuri, na shati safi limetundikwa kwenye msumari.

"Trésor yuko wapi?"

"Kambove. Anarudiaka kila Jumamosi."

"Bado anachimba?" Nilisema kwa ukali, sikujizuia. Niliogopa kwa niaba yake.

"Anachimba," alisema. "Na anarudi. Anakula, analala." Akaendelea na gumba lake.

Dirishani, mwisho wa makopo yote, lilikuwepo lile la udongo mweusi. Ua la mukuba linakufa kila mwaka na kujiotesha lenyewe, na safari hii lilikuwa limejaa vichwa vya zambarau, limefura kweli, linaomba mkasi. Nikamuuliza kama nalo tulipunguze, mimi nina macho, nitamsaidia.

"Hapana." Kisha akageuza uso upande wangu. "Inaangalia wapi?"

Nikainama, nikatazama vizuri, kwa sababu Madame hujui lini anakupa mtihani. Vishina vyote vilikuwa vimepinda kuelekea nje, kwenye barabara.

"Inaangalia Kambove, Madame," nikamwambia ukweli, na nikanyoosha mkono kulizungusha kopo, vile alivyotuzoesha.

Akasikia bati likikwaruza kwenye saruji.

"Iache," alisema. "Ile usiigeuze."